Ng'ombe Anayengoja Neno Lako

Kwa Mama Chelangat,
Juu ya soko la Ndanai,
Kaunti ya Bomet.

Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Kiptum,

Chamgei! Itikia hapo ulipo, hata kwa kunong'ona. Najua huko Florida hakuna wa kukusalimu hivyo, na mtu asiyesalimiwa kwa lugha yake siku nyingi huanza kukauka.

Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako" kabla ya neno lingine lolote, na tuliyaandika mara nyingi bila kuyafikiria. Leo nayaandika nikiwa na maana yake. Mimi ni mzima, kama mtu asiyelala vizuri anaweza kuitwa mzima. Hofu ni kwako. Wewe u hali gani? Unakula? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuwaje sasa unapolala mahali pasipo pako? Ndiyo, najua unalala wapi. Soma polepole, nitafika huko.

Barua hii inaletwa kwa mkono na Joab, mtoto wa mwalimu Nyamwange, mliyesoma naye darasa moja na sasa mnaishi naye mji mmoja. Alikuja kumzika shangazi yake, na Jumatano anapanda ndege kurudi. Wiki iliyopita alipita hapa kutusalimu. Mama alimwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, akamuuliza kwa furaha kabisa, "Na Kiptum yangu anaendelea aje baada ya ile upepo kidogo?" Maana wewe mwenyewe ulimwambia Mama hivyo, kwamba ni upepo kidogo tu. Joab aliangalia viatu vyake. Alikunywa, akaviangalia tena. Hapo nikajua.

Usimlaumu. Alijitahidi kukufichia siri yako, lakini Mama alimsogelea na kumshika mkono, na Joab hajawahi kuwa mtu wa kudanganya akiwa ameshikwa mkono. Alituambia kila kitu. Kwamba kimbunga kiling'oa paa la nyumba uliyopanga na maji ya bahari yakaingia hadi madirishani. Kwamba hoteli unakofua shuka ilifungwa. Kwamba tangu mwezi wa kumi unalala kwenye ukumbi wa kanisa, vitanda vimepangwa mistari kama bweni. Na kwamba ulimwapisha asituambie, ukasema hutapiga simu nyumbani mpaka usimame tena.

Kiptum, neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Paa lako limeniuma, lakini paa ni mabati. Hili la kunyamaza mpaka usimame ndilo linalonitisha.

Nikikutumia ujumbe kwenye WhatsApp naona tiki moja ya kijivu. Mama hajui kusoma lakini tiki amezijua. Asubuhi ananiuliza, "Zimekuwa mbili?" Namjibu bado. Simu haimtoki mkononi, hata akikamua. Juzi ikatumbukia ndani ya ndoo ya maziwa. Tuliitoa, tukaifukia kwenye gunia la mahindi ikauke, na muda wote huo hakulalamika juu ya simu kuharibika. Alikuwa akisema tu, "Kama amepiga saa hii je? Kama amepiga saa hii je?" Simu ilipona. Bado inanuka mursik kila nikiiweka sikioni.

Unamkumbuka baba mdogo Kipkurui? Ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka jina tu. Mahindi yake yalipoteketea kwa ukame alisema anavuka kwenda Tanzania kutafuta kazi, na hatarudi mikono mitupu. Hakuandika wala kutuma mtu. Baba alikwenda kumtafuta, akauliza mji hadi mji, na mwishowe akarudi na koti lake. Ninakumbuka Mama akilifua lile koti na kulianika, na hakuna aliyelivaa. Jambo ambalo Baba aliniambia baadaye, nikiwa mkubwa, ni kwamba Kipkurui hakufa kwa shida. Alikuwa na kazi, alikuwa na chumba, hata baiskeli alikuwa nayo. Alikuwa anangoja tu apate kitu cha kutosha kurudi nacho, na hicho cha kutosha hakikufika.

Sasa unaelewa kwa nini mama yetu anatazama tiki.

Na nikuambie ya huku, kwa sababu huku nako hakukubaki salama. Mama alitukataza tusikuambie ili usisumbuke. Wewe huko unatuficha, sisi huku tunakuficha, sijui tulifikiri nani angepona kwa njia hiyo. Mwezi huo huo wa kumi tulipigwa na mvua ya mawe. Mawe unayajua, kila mwaka yanapita shamba la mtu, yanachagua ukingo huu na kuacha ule. Safari hii hayakuchagua. Yalianza juu huko upande wa Kericho yakashuka kupitia kwetu mpaka sokoni.

Phelis alikuwa kwenye chai anachuma. Phelis ni yule mama wa Kisii anayekaa na mumewe Sagini kwenye nyumba zilizo nyuma ya kituo cha kupimia chai, mwenye mikono ya haraka, uliyewahi kumnunulia leso. Alikuja mbio akiwa amejifunika kikapu kichwani, akaingia jikoni kwangu, akanyakua mwiko wangu wa ugali na kuutupa nje uwanjani ili mvua ikome, kama walivyofanya kwao zamani. Mama, na uzee wake wote wa kanisa, alimtazama. Nikajua sasa atahubiriwa. Mama akasema, "Tupa na shoka pia." Basi shoka likaenda. Mvua iliendelea vile vile.

Ilipokwisha tulitoka nje na kilima chote kilinuka kama ndani ya kiwanda, ile harufu ya majani yaliyosagwa. Chai ilikuwa vijiti. Ardhi ilikuwa nyeupe chini na kijani juu yake, majani yote yamelala. Sikulia siku hiyo. Nililia keshoye niliposikia kimya, maana saa ya lori la kiwanda ilifika na lori halikuja, kwa kuwa hapakuwa na cha kubeba.

Lori likikosa kuja, ndugu yangu, utashangaa ni vitu vingapi vinakosa kuja nalo. Wale vijana wa kupakia magunia walikosa kazi. Cheptoo, mwenye hoteli hapo kituoni, aliacha kupika chapati, akawa anachemsha chai tu, kisha akafunga mlango. Watu wa boda boda walianza kukaa kwenye pikipiki zao kama wako kanisani. Fundi wa nguo za shule alihamia Bomet mjini. Miaka yote hii sikujua kwamba chapati ya Cheptoo ilikuwa inatoka kwenye chai yangu.

Shemeji yako, baba Chelangat, alichanganyikiwa kuliko wote. Alinoa jembe, akatangaza kwamba anang'oa chai yote apande mikaratusi, maana mikaratusi haiogopi mawe. Nilimkumbusha kwamba chai ile ilipandwa na Baba, na kwamba chai iliyopigwa haing'olewi wala haikatwi haraka, inaachwa ipumue mpaka itoe macho mapya. Hakunisikia. Nilificha jembe ndani ya ghala chini ya magunia, akalitafuta siku nzima akilaumu watoto wa majirani. Walio na haraka kule ng'ambo ya mto waling'oa, na sasa wanaangalia mashimo. Kwetu macho yameanza kutoka, madogo, mekundu mekundu. Sasa baba Chelangat anawaambia watu kanisani kwamba yeye tangu mwanzo alisema tungoje.

Lakini macho hayo yalinipa wasiwasi mwingine. Phelis na Sagini walikuwa wamefunga vitu vyao. Wenzao wengi walishaondoka, wengine wakarudi Kisii, wengine wakaenda Naivasha kwenye maua. Nilijiuliza, majani yakirudi na wachumaji wameshajipatia kwingine, itakuwaje? Chai haingoji mtu. Usipoichuma kwa wakati wake inazeeka juu ya mti, na kiwanda hakiitaki. Kwa hiyo tungepigwa mara mbili, mara ya kwanza na mawe, mara ya pili na watu kukosekana.

Ndipo arap Tanui akatushangaza. Mzee arap Tanui, jirani yetu, unamjua ubahili wake. Huyo ambaye ukimpelekea mgonjwa wake ndizi anakuuliza kwa nini hazikuiva. Siku moja tuliona akishuka njia na ng'ombe wa maziwa, anamwongoza mwenyewe, hadi kwa Phelis, akamfunga pale. Alisema ni kimanagan. Kumbe desturi hiyo haijafa! Wewe unaijua kwa kusikia tu: mtu aliyepatwa na hasara anapewa ng'ombe na mwenzake akae naye, ng'ombe anabaki wa mwenyewe lakini maziwa ni ya anayemtunza, mpaka atakapoweza tena. Hiyo ni ya Wakipsigis kwa Wakipsigis. Kumpa Mkisii, tena hapa mpakani ambapo ng'ombe akivuka usiku watu wanapiga nduru na kushika mishale, hilo sijawahi kuliona. Baba Chelangat alimwambia hivyo hivyo. Mzee akamjibu, "Sasa chai ikirudi, nyinyi mtachuma na meno?"

Basi Phelis hajaondoka. Anapeleka maziwa kwenye gari la maziwa pamoja nasi, na wengine walipoona arap Tanui ametoa, waliona haya wakatoa pia. Maboma saba au nane ya wachumaji yana ng'ombe wasio wao. Cheptoo naye amerudi, anapika kidogo. Siwezi kukuambia tumepona. Ninakuambia watu wako hapa, na macho ya chai yakifunguka watayakuta.

Joab alipokuwa akitueleza habari za huko nilimsikiliza nikaona ni kitu kile kile. Alisema hoteli yenu imefunguliwa nusu, umeme upo, shuka zipo, wageni wanaanza kuuliza vyumba, lakini waliokuwa wakizifua hawana pa kulala na wamekwenda mbali. Wenye hoteli wanashangaa kwa nini mji haurudi. Laiti kungekuwa na arap Tanui mmoja huko, hata awe bahili.

Sasa nifike kwenye jambo la barua hii.

Mama alisikia habari zako kutoka kwa Joab. Kesho yake alijifunga leso, akachukua fimbo, akaniambia twende kwa arap Tanui. Tulipofika hakuzunguka. Alimwambia, "Kijana yangu amepigwa na kimbunga. Nyumba imeenda, kazi imeenda. Kama Phelis amepata, yeye pia apate."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama huyo ng'ombe utambeba kwa ndege au utamwogelesha. Mama alimwacha acheke. Kisha akamuuliza kama anakumbuka mwaka ugonjwa wa ndigana ulipomaliza ng'ombe wake wote, na nani aliyemletea yule mwekundu wa kuanzia. Mzee aliacha kucheka. Ni Baba aliyempelekea, Kiptum. Mimi sikuwa najua, na nadhani wewe pia hukujua.

Mzee alitupatia mtamba mwenye mimba, mweusi mwenye nyota usoni. Yuko kwangu, nyuma ya ghala, anakula majani ya napia na kunikasirikia. Chelangat amempa jina la Hariken, kama mnavyoita kimbunga huko, na Mama anapinga, anasema jina hilo litaleta mengine. Huyo ni ng'ombe wako. Akizaa, maziwa ni yako, Mama atakuwa akiyapeleka kwa gari la maziwa kwa jina lako.

Lakini hapo ndipo penye shida. Ng'ombe wa kimanagan hapokelewi na mtu mwingine. Anayepewa lazima aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba amepokea. Phelis alisema, kwa Kipsigis kilichovunjika vunjika, akachekwa na akapokea. Wewe bado. Arap Tanui ananiuliza kila tukikutana kwenye gari la maziwa. Alhamisi alisema mbele ya Mama, "Mimi sipatiani ng'ombe kwa mtu amenyamaza kama maiti. Kama hasemi, narudisha kwangu." Mama aliinua ndoo yake tukaondoka. Alitembea vizuri mpaka tulipovuka daraja, halafu akakaa chini kando ya njia na kulia, na mimi nikasimama hapo bila kujua la kufanya. Sijamwona akilia hivyo tangu Baba afe.

Najua unawaza nini. Ng'ombe wa Ndanai atakusaidia nini wewe uliye Florida? Hatakujengea paa. Mama anajua hilo, si mjinga. Alichotaka ni kwamba mahali fulani katika dunia hii kuwe na mlango ambao ukiufungua unasema, hapa kuna kitu changu, sikuja mikono mitupu. Kipkurui hakuwa na hicho. Ndiyo maana Mama alikwenda kuomba, na unajua anavyochukia kuomba.

Sikuambii urudi nyumbani. Ukitaka kukaa huko ukasubiri hoteli ifunguliwe yote, kaa, na Mungu akushike. Ukitaka kurudi, chumba chako kipo, tumeweka mbolea humo lakini itatoka. Yote mawili ni sawa kwangu. Wala usifikirie karo ya Chelangat. Shule yao imekubali tupeleke kuni na maharagwe mpaka chai irudi, na yeye mwenyewe amesema ukituma chochote mwaka huu atakirudisha. Ana kiburi, sijui amekitoa kwa nani katika ukoo huu.

Ninachokataa ni huku kunyamaza. Ninaogopa, Kiptum. Nasema wazi bila kupamba maneno. Ninaogopa kwamba aibu itakuwa kitu cha kawaida kwako, utazoea kutopiga, mwezi utafuata mwezi, na siku moja mtu atakuja hapa na begi lako. Siwezi kufua koti lingine. Mama hawezi kabisa.

Baba Chelangat anakusalimu, anasema ukisikia habari za mikaratusi huko umwambie. Chelangat anakusalimu mjomba wake na anataka kujua kama kweli uliona samaki barabarani. Phelis na Sagini wanakusalimu, leso ile bado anaivaa. Cheptoo anakusalimu na anasema chapati zako zipo. Mwalimu Nyamwange anakuombea kila ibada, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa hiyo kanisa zima linajua mambo yako, pole. Arap Tanui hakutuma salamu. Yeye anangoja.

Mungu aliyekutoa ndani ya maji yale akiwa hana haja ya kukuuliza una nini mkononi, akulinde hapo ulipo, akupe pa kulala pakavu, akurudishie kazi, na zaidi akufungue mdomo.

Mama yuko hapa kando yangu ninapoandika. Nimemsomea yote. Amesema niongeze hili kama alivyolisema: "Mwambie mimi sitaki kitu yake. Nataka nisikie tu akikohoa kwa simu."

Sasa, usiikunje barua hii uiweke mfukoni ati utafikiria kesho. Inua macho. Joab amesimama mbele yako. Nimemwagiza asikae wala asiondoke mpaka umalize kusoma, na simu yake iko mkononi mwake, imeshawekwa namba ya Mama. Usihesabu ni saa ngapi huku. Chukua hiyo simu. Ikiita tu, Mama ataishika, na kama huna la kusema, kohoa.

Ni mimi dada yako anayekupenda ukiwa na kitu na ukiwa huna,

Chepngetich